Taa Hupimwa kwa Mavuno, si kwa Mng'aro

Bunduki haisifiwi kwa mng'aro wa kitako chake. Kila kuruta aliyewahi kulala kifudifudi katika uwanja wa shabaha anafahamu kwamba silaha hupimwa kwa matundu yaliyoko kwenye karatasi: yamekaribiana au yametawanyika, yamegonga katikati au yamekwenda kando. Kipimo hicho kigumu, lakini cha haki, ndicho kinachotakiwa leo katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halielekei kuwahusu askari hata kidogo, nalo ni jambo la taa za LED za kukuzia mimea ndani ya nyumba, hususan mmea wa bangi.

Jambo hili linawahusu askari kwa njia mbili. Kwanza, polisi ndio wanaotumwa kuingia katika vyumba na mabohari ambamo mmea huo hupandwa kwa siri, na hawawezi kutoa ushahidi ulio thabiti mahakamani juu ya kitu wasichokifahamu. Pili, askari ni mtu mwenye akiba. Huweka fedha zake katika Wazalendo SACCO ikiwa ni mwanajeshi, au katika Exodus SACCO ikiwa ni polisi, na siku ya kustaafu hupokea kiinua mgongo. Fedha hizo ni jasho la miaka mingi ya utumishi, nazo huwavuta wachuuzi wa ahadi kama vile sukari ivutavyo sisimizi. Miongoni mwa ahadi za zama hizi imo ile isemayo kwamba chumba kimoja, taa chache na mmea wenye soko Ulaya vinatosha kumtajirisha mtu kabla ya mwaka kwisha. Wahenga walikwisha kuonya kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kabla ya kuitazama taa, hapana budi kuitazama sheria. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa Mei mwaka 2023, katika shauri lililofunguliwa na wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso. Sababu haikuwa kwamba mahakama iliona bangi kuwa kitu chema. Sababu ilikuwa kwamba Bunge liliipitisha sheria hiyo pasipo idadi ya wabunge inayotakiwa. Mwaka huo huo wa 2023 Bunge likaipitisha upya, na Rais akaitia saini baadaye. Waliosherehekea hukumu ile wakidhani kwamba mlango umefunguliwa moja kwa moja walisherehekea mapema mno. Kulima bangi pasipo idhini ya maandishi kutoka kwa Waziri anayehusika ni kosa, na taa iwe ya gharama kubwa namna gani, haiwezi kuugeuza mmea wa haramu kuwa wa halali.

Hata hivyo, kilimo chenye idhini kimekwisha kuwako. Huko Hima, wilayani Kasese, vilijengwa vitalu nyumba vya bangi kwa ajili ya matumizi ya tiba, kwa ushirikiano na kampuni ya Together Pharma ya Israel. Duniani nako mambo yamesogea. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961, yaani jedwali la dawa zinazohesabiwa kuwa za hatari kubwa na zenye faida ndogo za tiba, ingawa iliiacha katika Jedwali la Kwanza, chini ya udhibiti mkali. Basi suala la taa ni suala halisi la kilimo na la uchumi kwa wale wenye idhini, na ni suala la upelelezi kwa wale waliopewa kazi ya kuwasaka wasio na idhini.

Taa ya LED ni nini? Ni kipande kidogo cha semikondakta ambacho umeme ukipita ndani yake hutoa nuru, pasipo uzi wa kuungua kama ule wa balbu ya zamani. Taa nyekundu ya namna hiyo ilionyeshwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Taa ya buluu yenye nguvu ilichelewa mpaka miaka ya 1990, na wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Nyekundu na buluu zilipopatikana pamoja, wataalamu wa mimea walifurahi, kwa maana chembe za kijani za jani hunyonya zaidi rangi hizo mbili. Hapo ndipo zilipozaliwa zile taa za urujuani ambazo zimewashangaza wengi.

Lakini rangi ya urujuani si muujiza. Mwaka 1972 mtaalamu Keith McCree alichapisha vipimo vya mimea ya aina 22, akaonyesha kwamba hata nuru ya kijani hutumiwa na jani kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu taa nyingi za leo za wakulima wakubwa ni nyeupe zilizoongezwa wekundu. Mchuuzi anayesema kwamba taa yake ni bora kwa kuwa ni ya urujuani anauza rangi, kama vile mtu auzaye ng'ombe kwa uzuri wa kengele iliyofungwa shingoni.

Sasa ifahamike kwamba nuru huufanyia mmea kazi mbili zilizo tofauti, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Kazi ya kwanza ni chakula. Jani hutumia nuru kutengeneza sukari, na bila ya nuru nyingi hakuna uzito wa mavuno. Kazi ya pili ni kalenda. Mmea husoma urefu wa usiku ili ujue majira, ukaamua kama ni wakati wa kurefuka au wa kuchanua. Bangi ni mmea wa usiku mrefu: usiku ukifikia saa kumi na mbili hivi, aina zake nyingi huanza kutoa maua. Ndiyo maana wanaoilima ndani ya nyumba katika nchi za kaskazini huipa nuru ya saa 18 kwa siku ili ikue, kisha huipunguza ikawa saa 12 ili ichanue.

Hapa ndipo Kampala inapotofautiana na Amsterdam au Toronto. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na mchana na usiku hugawana siku kama ndugu wanaogawana shamba la baba yao. Kwa hiyo chakula cha nuru kipo tele pasipo malipo. Jua la adhuhuri katika anga safi hutoa chembe za nuru kama maikromoli 2000 kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde, kiasi ambacho taa chache za kununua hukikaribia. Kinachokosekana ni kalenda: mche wa aina ya kaskazini ukipandwa hapa hukutana na usiku wa saa kumi na mbili tangu siku ya kwanza, ukachanua ungali mdogo kama mtoto aliyeozwa kabla ya kubaleghe.

Wakulima wa maua wa Uganda walikwisha kulijua jambo hili, nao walijifunza kwa krisantemu, ambalo nalo ni ua la usiku mrefu. Katika mashamba ya kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya za Mpigi, Wakiso na Mukono, hukuzwa mimea mama ambayo vipandikizi vyake hupelekwa Ulaya. Mimea hiyo haitakiwi kuchanua kamwe, maana kipandikizi chenye ua hakina soko. Basi taa huwashwa usiku ili kuukata usiku mrefu vipande viwili, na mmea hudanganyika ukadhani ni majira ya siku ndefu. Nuru inayotakiwa kwa kazi hiyo ni haba, maikromoli chache tu, kwa kuwa mmea haulishwi, unaarifiwa tu.

Tofauti ya gharama kati ya kazi hizo mbili ni kubwa mno, na ni vema ionyeshwe kwa hesabu. Tuseme taa moja ya kulisha mimea inakula wati 600 na kuangaza eneo la mita ya mraba moja na nusu. Ikiwashwa saa 18 kwa siku 30, kisha saa 12 kwa siku 60, itakula yuniti 324 na yuniti 432, jumla yuniti 756. Kwa mfano wa shilingi 750 kwa yuniti, hizo ni shilingi 567,000 kwa msimu mmoja, katika eneo lisilozidi kitanda cha chuma cha kambini, na kabla ya kulipia feni, mbolea, maji na kodi ya nyumba. Taa ya kalenda ya wati 10, ikiwashwa saa nne usiku kwa siku 30 juu ya eneo lilo hilo, hula yuniti moja na sehemu mbili za kumi, yaani shilingi 900. Mchuuzi hataji hesabu hii kwa sababu faida yake imo katika ile taa kubwa.

Hivyo basi, taa ipimwe vipi? Hatua ya kwanza ni kutoamini maandishi ya kwenye boksi. Katika masoko mengi ya dunia zimeuzwa taa zilizoandikwa wati 1000 ilhali hazili hata wati 200. Mwenye mita ya Yaka hahitaji maabara ili aligundue hilo. Azime kila kitu nyumbani, asome mita, awashe taa hiyo peke yake kwa saa kumi kamili, kisha asome tena. Taa ya kweli ya wati 1000 itakuwa imekula yuniti kumi. Ikiwa imekula yuniti moja na nusu, basi mnunuzi ameuziwa taa ya wati 150 kwa bei ya jina.

Hatua ya pili ni kuyakataa macho kuwa mizani. Jicho la binadamu huona zaidi kijani na manjano, na vipimo vya taa za kawaida vimewekwa kwa ajili ya jicho, si kwa ajili ya jani. Cha kuuliza ni idadi ya chembe za nuru zinazotoka kwa kila kipimo cha umeme unaotumika. Taa nzuri ya LED ya leo hutoa kama maikromoli mbili na nusu mpaka tatu kwa kila jouli moja, hali taa bora za sodiamu walizozitumia wakulima wa zamani hutoa kama moja na sehemu saba za kumi. Tofauti hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo sifa halali ya LED. Muuzaji asiyeweza kuutaja mkadara huo hana la kumwambia mteja isipokuwa nyimbo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kuu, ni mavuno yenyewe. Mkulima mwenye idhini na atengeneze vitalu viwili vilivyo sawa katika kila jambo: vipandikizi kutoka mmea mama mmoja, udongo mmoja, maji sawa, joto sawa, na siku ya kupanda iwe moja. Kitu kimoja tu kitofautiane, nacho ni taa. Mwisho wa msimu mazao yakaushwe, yapimwe kwa mizani na kwa maabara, kisha uzito ugawanywe kwa yuniti za umeme zilizoliwa. Jibu la hesabu hiyo, yaani gramu kwa kila yuniti, ndilo karatasi ya shabaha ya taa. Tena msimu mmoja hautoshi. Risasi moja iliyogonga katikati yaweza kuwa bahati, lakini tano zilizokaribiana ni ustadi. Asiye na idhini, na anayetaka tu kujua kama taa yafaa, anaweza kufanya jaribio lilo hilo kwa sukuma wiki, dodo au miche ya nyanya, naye hatavunja sheria yoyote.

Utafiti wa aina hiyo umekwisha kufanywa. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kulima bangi chini ya taa za LED kwa viwango mbalimbali vya nuru. Waliona kwamba mavuno yaliongezeka kwa mlingano na nuru mpaka kufikia maikromoli 1800, lakini nguvu ya viini vya dawa ndani ya maua haikubadilika kwa kuongezewa nuru. Maana yake ni kwamba nuru zaidi huleta uzito zaidi, wala haileti dawa kali zaidi. Wale wanaotangaza kwamba taa yao huzidisha ukali wa zao wanaahidi kitu ambacho majaribio hayo hayakukiona.

Gharama kwa taifa nayo isisahauliwe. Mwaka 2012 mtaalamu Evan Mills alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani ya nyumba kilikula kama asilimia moja ya umeme wote wa Marekani. Nchi tajiri yenye baridi kali inaweza kujaribu anasa kama hiyo. Nchi iliyoko kwenye Ikweta, ambayo bado ina vijiji vinavyosubiri nguzo za umeme, haina sababu ya kulifungia jua nje ya ukuta na kisha kulinunua upya kwa mita.

Kwa upande wa upelelezi, yako mafunzo mengine. Polisi wa nchi za nje walizoea kuzitafuta nyumba za bangi kwa dalili za taa: joto linalotoka ukutani, ankara kubwa ya umeme, madirisha yaliyozibwa, feni zisizolala. Lakini dalili ni dalili, haijawa ushahidi. Huko Oregon, nchini Marekani, mwaka 1992 maofisa walielekeza chombo cha kupima joto kwenye nyumba ya mtu mmoja wakagundua joto la taa za kukuzia bangi, na bangi ikakutwa kweli ndani yake. Hata hivyo mwaka 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la Kyllo, iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba kuchungulia nyumba ya mtu kwa chombo kama hicho ni upekuzi, na upekuzi wahitaji hati. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo, katika ibara ya 27, inalinda nyumba na mali ya mtu dhidi ya upekuzi usio halali. Askari mwenye hati mkononi huwa na kesi, na asiye nayo huwa amempa wakili wa mtuhumiwa zawadi.

Tena LED imezififisha dalili zenyewe, kwa kuwa hutoa joto dogo kuliko taa za sodiamu kwa kiasi kile kile cha nuru. Na taa ya urujuani inayoonekana usiku wa manane huenda ni ya mkulima wa miche ya nyanya au ya mwanafunzi wa kilimo, kama vile mwanga mkubwa kando ya ziwa huko Mpigi huenda ni wa shamba halali la krisantemu. Kumkamata mtu kwa sababu ya taa yake ni sawa na kumkamata mwenye panga kwa kuwa panga laweza kuua. Kosa limo katika mmea na katika kukosekana kwa idhini. Kwa hiyo mmea ndio unaopaswa kutwaliwa kwa utaratibu, ukafungwa na kuandikwa, ukapelekwa katika Maabara ya Serikali ya Uchunguzi iliyoko Wandegeya, ili mkemia aseme mbele ya hakimu ni nini. Hapo pia hukumu hutolewa kwa matokeo.

Jambo moja hata hivyo askari asilipuuze, nalo ni waya. Mtu anayekwepa mita ili ankara isimsaliti anaiba umeme, na marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022 yaliziongeza adhabu za wizi huo. Nyaya zilizounganishwa kwa siri, zikibeba mzigo wa taa nyingi ndani ya chumba chenye maji na unyevu, ni moto unaosubiri saa yake. Askari anayeingia mahali kama hapo ahakikishe kwanza kwamba umeme umekatwa na fundi anayehusika. Ushahidi waweza kutafutwa tena kesho, bali uhai haurudi.

Wanajeshi wa Uganda wanayo kumbukumbu yao wenyewe katika somo hili. Tangu mwaka 2013, chini ya mpango wa Operation Wealth Creation, maofisa wengi walipewa kazi ya kugawa miche na mbegu kwa wananchi. Waliofanya kazi hiyo wanajua kwamba mche haukuhesabiwa kuwa umefaa siku ulipopakuliwa kutoka kwenye lori. Ulihesabiwa uliposhika, ukastahimili kiangazi na kuzaa. Ripoti inayohesabu miche iliyogawiwa ni nyepesi kuandika, ila mkulima hali ripoti.

Basi askari anayekaribia kustaafu, atakapoketi mbele ya mtu mwenye vijikaratasi vinavyong'aa na picha za maua mazito, na amuulize maswali manne. Iko wapi idhini ya Waziri? Taa hii inakula yuniti ngapi kwa mita, si kwa boksi? Inatoa gramu ngapi kwa kila yuniti, na ni nani aliyezipima? Na kwa nini jua la Kampala, lisiloleta ankara, halitoshi? Mwenye majibu ya kweli hatakasirika kuulizwa. Atakayekasirika amekwisha kujibu, na kiinua mgongo kibaki salama mahali kilipo.